Pudo kwenye baridi ya Uyole, na mtoto mwenye mzio: nichukue au niache?

MamaTumaini_Uyole

Habari zenu wanajukwaa, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela yangu.

Niko Uyole hapa Mbeya. Mtoto wangu wa pili ana miaka saba, Mungu kampa mapenzi ya mbwa ambayo sijui kayatoa wapi maana kwetu hatujawahi kufuga, akitoka shule lazima asimame kwenye fensi ya jirani aongee na mbwa wao, lakini akimshika tu dakika kumi haziishi macho yamevimba, chafya mfululizo, usiku kifua kinabana. Daktari alishasema ni mzio na mbwa ni mojawapo ya vinavyomsumbua. Mwaka jana tukamkataza kabisa, akawa analia kimya kimya, mimi kama mama iliniuma sana.

Sasa wiki iliyopita nimekutana na kijana anauza watoto wa mbwa aina ya pudo, wale wenye manyoya ya kujikunja kama ya kondoo. Anasema hawa hawapukutishi manyoya kwa hiyo mwenye mzio hadhuriki kabisa, ananihakikishia. Alikuwa nako kamoja mkononi, kameupe, kadogo kama kiatu cha mtoto, kana wiki sita, bei laki sita na nusu, na anasema ni "tikapu", yaani wa kuenea kwenye kikombe cha chai, hakatakua zaidi ya hapo. Mama yake sijamwona, anasema yuko Dar.

Je ni kweli hilo la mzio? Na hii baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, kuna asubuhi unaamka nyasi zimekuwa nyeupe, mbwa wa Ufaransa ataiweza au nitakuwa nimenunua msiba? Halafu anakula nini, maana sisi nyumbani ni ugali maharage na dagaa, vyakula vya makopo siviwezi.

Kamwene_Gangilonga

Kamwene dada. Mimi niko Iringa, Gangilonga, nina pudo wawili dume na jike saizi ya mini, mwaka wa sita huu. Hilo la mzio nawaachia wataalamu, mimi niongee manyoya maana hapo wauzaji wote wanakupa nusu ya habari.

Ni kweli hayapukutiki kama ya mbwa wengine, unakaa kwenye kochi na suruali nyeusi unanyanyuka safi. Sasa jiulize yasipopukutika yanaenda wapi, yanaendelea kukua tu dada, kama nywele za binadamu, hayana kikomo. Na ule unyoya uliokufa badala ya kudondoka chini unanasa kwenye yale yaliyojikunja, yanasokotana, ukizembea wiki mbili mbwa ana rasta, zinaanzia nyuma ya masikio, kwapani na pale mkanda wa shingo unapokaa. Rasta ikishakaza inavuta ngozi kila anapopiga hatua na chini yake kuna unyevu, ngozi inachubuka, kupe wanajificha humo huwaoni.

Mwaka wa kwanza nilikuwa namchana dume juu juu, brashi inapita vizuri, naona kapendeza, siku natia kitana kikagota katikati, kumbe kule chini karibu na ngozi manyoya yameshikana kama jamvi. Ikabidi anyolewe upara mwili mzima mwezi wa saba, na Iringa mnaujua upepo wake, akatetemeka siku tatu, nikawa namvalisha sweta la mwanangu. Mpaka leo nikikumbuka naumia, yule mbwa hakuwa na kosa lolote.

Sasa hivi nafanya hivi, namlaza ubavu, natenganisha manyoya kwa mkono mpaka nione ngozi, napiga brashi ya pini mstari kwa mstari kuanzia miguuni kupanda juu, halafu napitisha kitana cha chuma, kikipita chote bila kugota ndo nimemaliza. Kila siku ukiweza, isipungue mara tatu kwa wiki. Na umchane KABLA ya kumwogesha, fundo likishalowa linakaza halifunguki tena unabaki kukata na mkasi. Kunyoa ni kila wiki sita hivi, uso, nyayo, chini ya mkia, na mwili unapunguza tu. Huku saluni ya mbwa sijaiona, nilianza kwa kuazima mashine ya kinyozi wa mtaani, ile inazidiwa na haya manyoya, inavuta, na bledi inashika moto unamuunguza tumboni bila kujua mpaka uone anajilamba pamekuwa pekundu. Nikaagiza mashine ya mbwa ikaja na basi kutoka Dar. Hata hiyo iguse kwenye mkono wako kila baada ya dakika chache.

Masikio pia, manyoya yanaota mpaka ndani ya tundu na sikio lenyewe limelala hewa haipiti, ukisikia harufu kama ya togwa iliyochacha ujue tayari kuna fangasi, mpeleke atazamwe.

Kwa hiyo laki sita na nusu ni ya kuingilia mlangoni tu.

MwanaRungwe

Dada usipoteze hela. Mimi hapa Tukuyu nina mbwa wa kienyeji mwaka wa tisa, mvua zote hizi zimemkuta, analinda migomba, hanyolewi, hachanwi. Laki sita na nusu unapata ndama.

MifugoMstaafu

MwanaRungwe kwa mbwa wa ulinzi uko sahihi na sina ubishi. Ila hapa kuna kifua cha mtoto, tumsikilize mama.

Mama Tumaini, mimi nimefanya kazi ya mifugo wilaya za huku Nyanda za Juu Kusini hadi nikastaafu, nipo Soweto mjini Mbeya. Soma taratibu.

Mzio hautokani na unyoya wenyewe. Unatokana na protini zilizo kwenye mate ya mbwa, kwenye magamba madogo ya ngozi yake yanayopeperuka kama vumbi, na kwenye mkojo. Unyoya ni chombo cha kubebea tu. Kila mbwa ana protini hizo, pudo naye anazo. Kuna watafiti wa Uholanzi mwaka 2012 walipima mbwa wanaosifiwa kuwa hawana mzio, pudo wakiwemo, wakalinganisha na mbwa wengine, na kwenye manyoya ya hao wanaosifiwa walikuta protini hiyo kwa wingi zaidi. Kwa hiyo kijana anayekuhakikishia anakuuzia kitu ambacho hana.

Lakini sikufungii mlango. Mbwa mmoja hadi mwingine wanatofautiana, na mtu hadi mtu. Mwaka 1989 Australia kulikuwa na bwana anaitwa Wally Conron, kazi yake kuzalisha mbwa wa kuongoza wasioona. Akaletewa ombi la mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mume wake ana mzio wa mbwa. Akajaribu pudo wakubwa kwa muda mrefu, hakupata anayeifaa kazi ile, mwisho akampandisha pudo kwa labrado, aina inayotumika sana kuongoza wasioona, wakazaliwa watoto watatu. Akatuma Hawaii sampuli za manyoya na mate ya kila mmoja. Kati ya watatu hao, tumbo moja, ni mmoja tu ambaye yule mume hakupata shida naye. Ndiyo asili ya hawa labradudo wanaouzwa siku hizi kwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe.

Ndiyo maana nasema usinunue aina, mpime mbwa mwenyewe na mwanao. Akae naye, amshike, alambwe mkono, mara kadhaa kwa siku tofauti, maana kuna mzio unaojitokeza siku ya tatu. Na kwa kuwa umesema kifua kinabana, usijaribu chochote kabla hujamuona daktari wake na kuwa na dawa yake mkononi. Hilo naomba ulizingatie kuliko yote niliyoandika.

Sasa kuhusu huyo mwenye wiki sita. Hajafika umri wa kuachana na mama yake, angalau wiki nane, na hawa wadogo sana ni bora zaidi ya hapo. Mbwa mdogo kiasi hicho akikaa saa chache bila kula sukari inashuka, utamwona analegea, anatetemeka, anayumba, na usiku mmoja wa baridi unaweza kumaliza kazi. Anatakiwa kula mara nne kwa siku, na asali iwe karibu ya kumpaka kwenye fizi ukiona dalili hizo huku unakimbilia msaada. Na hakuna saizi inayoitwa tikapu. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linatambua saizi nne zinazopimwa kwenye bega: toi sentimita 24 hadi 28, mini 28 hadi 35, wa kati 35 hadi 45, na standadi 45 hadi 60. Anayeitwa tikapu mara nyingi ni mtoto dhaifu wa tumbo hilo, au ni mdogo kuliko umri unaotajiwa, au siyo pudo kabisa. Usilipe kabla ya kumwona mama yake kwa macho. Kwa wadogo angalia magoti, kuna wanaotembea huku mguu wa nyuma mmoja wameuinua kwa sababu kifuniko cha goti kinahama, hiyo inarithiwa. Kuna pia upofu wa polepole wa kurithi, anaanza kugonga vitu usiku.

Chanjo: za parvo (ugonjwa wa kuharisha damu) na wenzake zinaanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na kila mwaka baada ya hapo. Hiyo ni kwa wa kienyeji pia, MwanaRungwe.

Chakula usiogope. Ugali na usipa wa Kyela, dagaa wawe wengi kuliko unavyodhani, mboga kidogo, yai mara moja moja. Usimpe mchuzi wenye vitunguu, vinaharibu damu yake. Chokoleti, zabibu na karanga za makadamia marufuku. Parachichi tunazo tele huku, nyama yake kidogo haina neno kubwa lakini kokwa lisimfikie, likimezwa linaziba utumbo.

MwanaRungwe

Mzee shikamoo, umesema makadamia? Mimi nina miti shambani na mbwa huwa anaokota chini. Kuna siku aliamka miguu ya nyuma haina nguvu, kesho yake akapona, tukasema labda kapigwa.

MifugoMstaafu

Marahaba. Inawezekana kabisa ndiyo yenyewe, dalili yake ni hiyo, miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, pengine kutapika, na mara nyingi inapita ndani ya siku moja au mbili. Okota za chini kila jioni au mfunge msimu wa kudondoka.

MwanaRungwe

Ndaga fijo mzee wangu. Naokota kuanzia leo.

MamaTumaini_Uyole

Jamani ahsanteni mno, baba Mstaafu ubarikiwe. Yaani mimi nilikuwa nimeshatenga hela. Nimempigia yule kijana nikamwambia nataka nimwone mama wa mbwa hata kwa video, akasema mteja mwingine yuko njiani niamue leo leo. Nimemwacha. Lakini moyo wangu bado unataka pudo, nikimpata anayekubaliana na mwanangu. Kuhusu baridi hamjanijibu.

Binti_wa_Mufindi

Baridi nakujibu mimi maana nimekua na pudo Mufindi kule kwenye mashamba ya chai, na ukungu wa kule mnaujua. Baba alikuwa dereva wa wazungu fulani, walipoondoka kurudi kwao wakatuachia mbwa wao, pudo standadi mweusi tii, mrefu kanifika kiunoni mimi nilikuwa darasa la nne. Watu walikuwa wanashangaa wakidhani ni kondoo. Yaani niwaambie, watu wanamwona pudo kama urembo wa mkoba kwa sababu ya zile picha za kunyolewa mafundo mafundo, lakini yule alikuwa mbwa wa MAJI. Tulikuwa na bwawa la umwagiliaji, akiona bata wameshuka anajitupa asubuhi ile ya baridi anaogelea mpaka ng'ambo, anarudi anajikung'uta anataka tena.

Baadaye nilipokuja kusoma nikaelewa. Jina pudo lina asili ya Kijerumani, Pudel, linatokana na neno la kurukaruka kwenye maji, na Wafaransa wanamwita caniche, jina la bata limo humo. Alikuwa mbwa wa mwindaji, bata akipigwa risasi akadondokea ziwani yeye ndo anamfuata. Hata ule unyoaji wa mafundo ulikuwa na kazi, walimnyoa nyuma ili manyoya yasinywe maji yakamlemea kuogelea, wakaacha kifuani na kwenye viungo ili visipate baridi. Kwa hiyo baridi siyo adui yake kama manyoya yapo, sentimita tatu nne hivi, usimnyoe upara kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, Kamwene kashasema yaliyomkuta.

Adui ni baridi PAMOJA na kulowa. Manyoya yake hayana ile sufi ya chini kama ya mbwa wa kaskazini kwenye barafu, yakilowa yanabaki mabichi muda mrefu. Kule Alaska kuna mashindano ya mbwa wanaovuta mkokoteni usio na magurudumu kwenye theluji, Iditarod, sasa jamaa mmoja John Suter mwaka 1988 akaingia na pudo standadi, na wakamaliza kweli, alirudi nao miaka iliyofuata mpaka 1991, lakini manyoya yalikuwa yananasa theluji yanaganda, nyayo zinapata shida, mwishowe wenye mashindano wakaweka sheria wakimbie mbwa wa aina za kaskazini tu. Sisi hatuna theluji ila tuna umande wa asubuhi na tope, ni kitu kile kile. Mama yangu alikuwa na taulo lake mlangoni, akitoka nje anafutwa miguu na tumbo mpaka yakauke kabisa kabisa, halafu anachanwa. Alale ndani, juu ya kitu kilichoinuka siyo sementi tupu. Sisi wetu mkubwa alikuwa na gunia la majani makavu na blanketi, huyo wako mdogo ndo asilale nje kabisa.

Na jiko la mkaa msimwachie ndani mmefunga madirisha eti apate joto. Moshi wake usioonekana unaua mbwa na unawaua na nyie mlio chumba cha pili. Kila mwaka huku kwetu tunazika watu kwa hilo.

Alikufa na miaka 13. Jioni alikula vizuri, usiku tumbo likavimba gumu kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu, asubuhi hayupo. Nilikuja kujua baadaye ni tumbo kujinyonga, mbwa wenye kifua kirefu kama standadi linawapata sana, dawa yake ni kufika kwa daktari ndani ya saa chache kwa upasuaji. Mwenye standadi agawe chakula mara mbili kwa siku, asimpe kingi kwa mkupuo, na asimkimbize akishakula. Natamani tungelijua hilo mapema.

Kamwene_Gangilonga

Pole sana binti.

Mama Tumaini niongeze moja ambalo watu hawalisemi, akili. Kuna mwanasaikolojia Stanley Coren mwaka 1994 alipanga aina za mbwa kwa wepesi wa kufundishika, pudo akashika namba mbili nyuma ya bordakoli yule wa kuchunga kondoo. Watu wanasikia hivyo wanafurahi, mimi nakwambia jiandae. Mbwa mwenye akili asiye na kazi anajitafutia kazi. Jike wangu alijifunza kufungua kabati la jikoni kwa kumtazama mke wangu, siku mbili tu. Ukimwacha peke yake kutwa nzima anabweka mpaka majirani wanagonga geti, wa kwangu dume alifikia kujilamba mguu mpaka ukatoka upara, na aliacha nilipoanza kutembea naye asubuhi kabla ya kazi na jioni nikimficha vitu atafute. Mwanao wa miaka saba hapo ndo pazuri, ampangie kazi, kaa, njoo, lete, dakika tano tano mara tatu kwa siku, kipande cha dagaa mkononi. Usimchape kamwe, pudo akichapwa anakumbuka, anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndo anang'ata.

Na anaishi miaka 12 mpaka 15, hawa wadogo hata zaidi. Mtoto wako atamaliza shule huyo mbwa bado yupo.

MifugoMstaafu

Mama Tumaini, hapa Soweto jirani yangu ana pudo jike, mini, miaka minne, mpole. Nimeongea naye amekubali mwanao aje kumzoea. Njoo na dawa za mtoto. Nimekuandikia pembeni.

MamaTumaini_Uyole

Narudi na majibu, imepita wiki tatu.

Tulianza kwa daktari kama baba Mstaafu alivyoagiza, akatupa dawa na akatuelekeza tukiona nini tukimbie hospitali. Tukaenda Soweto mara nne. Siku ya kwanza hakuna kitu, nusu saa nzima kakaa na mbwa mapajani, mimi nimeshika roho. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu mbwa akamlamba shavuni, dakika kama tano pakawa na vipele vyekundu pale pale na chafya mbili tatu, tukamnawisha uso kwa sabuni, kikaisha, usiku kifua hakikubana. Ya nne tukamwambia asilambwe usoni na anawe mikono akimaliza, hakupata chochote.

Daktari anasema tusikimbilie kusherehekea, tuendelee miezi miwili zaidi na safari hii akae saa nyingi, na kama tutafuga basi mbwa asiingie chumba anacholala mtoto na makapeti tuyatoe. Makapeti nimeshayatoa. Mwenye mbwa anasema jike wake atapandwa mwakani, tukifika huko tutampima kila mtoto wa mbwa na mwanangu kabla ya kuchagua, kama yule bwana wa Australia.

Mwanangu ameniuliza kama anaweza kwenda kumchana tu hata kama hatumchukui. Brashi ya pini nimepata Mwanjelwa, kitana cha chuma nimezunguka maduka ya dawa za mifugo yote sijaona, wananipa cha plastiki. Baba Mstaafu au Kamwene, nakipata wapi?

Kamwene_Gangilonga

Cha plastiki usinunue meno yanakatika ndani ya manyoya. Ninacho cha akiba, meno mapana upande mmoja na membamba upande mwingine, kesho nakipa basi la Mbeya, niandikie pembeni namba ya kukipokea.

MifugoMstaafu

Jumamosi saa nne jirani anamwogesha mbwa wake. Mlete mwanao aanze kumchana kabla maji hayajamgusa, na avae fulana ambayo ataivua kabla ya kupanda daladala.